Marapa watatu, mfuko mmoja: jinsi ya kupima nani atauza

Tuseme una shilingi milioni sita za Tanzania. Umezikusanya mwenyewe au mmechangishana na wenzako, na mnataka kumsimamia rapa mmoja anayechipukia. Mezani kuna majina matatu: kijana wa Temeke, kijana wa Arusha na binti wa Mbeya. Hawa ni wa mfano tu, lakini kila mtu aliyewahi kukaa studio amekutana na watu wa aina yao. Kila mmoja ana washikaji wanaoapa kwamba tangu game ianze hajatokea mkali kama yeye.

Mwongozo huu ni wa kuchagua kati yao kwa hesabu. Nani anachana vizuri zaidi ni ubishi wa kijiweni, na unaweza kuendelea mpaka alfajiri. Hapa tunatafuta nani ataingiza hela ya kumwezesha kuishi na kukurudishia uliyotoa. Uwezo wa kuchana na uwezo wa kuuza vinasaidiana, ila havilingani. Rapa Darassa wa Tanzania alikuwa akirap kwa miaka kabla ya wimbo "Muziki" aliomshirikisha mwimbaji Ben Pol mwaka 2016, na mashairi yake yalikuwa safi tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mama ntilie, dereva wa daladala na mtoto wa shule ya msingi wote waliweza kuimba naye.

Hatua ya 1: Amua hela itaingilia mlango gani

Kwa rapa mchanga wa Tanzania au Kenya, hela ya kwanza karibu kila mara hutoka kwenye shoo: bash za vyuo, ufunguzi wa baa, nafasi ya kutangulia wakubwa kwenye tamasha. Mitandao ya kusikilizia muziki hulipa kidogo na kwa kuchelewa. Matangazo ya kampuni huja jina likishakaa. Kenya kuna Skiza ya Safaricom, ambako mtu analipia wimbo wako usikike anapopigiwa simu. Halafu kuna mirabaha, fulana na kofia.

Andika mbele ya kila jina mlango unaodhani utamfaa, kwa sababu utawapima kwa vipimo tofauti. Mwenye mashairi mazito anaweza asiwe na wimbo wa klabu na bado akawa na watu elfu mbili wanaonunua kila anachotoa. Angalia singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar. Muziki wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam ulipotoka kwenye mkusanyiko wa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, baadhi ya ma-MC na madijei wake walianza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Mtu aliyekuwa akiwapima kwa kusikika redioni peke yake asingeiona hela hiyo ikija.

Na usimpunguzie mtu alama kwa sababu hakai Dar. Kundi la rap la Weusi lilitokea Arusha, rapa Fid Q katokea Mwanza. Kukaa mkoani kuna faida: gharama ni ndogo, na ukiwa namba moja pale unaitwa kila penye sherehe.

Hatua ya 2: Ingia ndani ya akaunti zao

Usipokee picha ya skrini. Mwombe akupe ruhusa ya kutazama tu ndani ya YouTube Studio na Spotify for Artists. Zote mbili zina nafasi hiyo, na haikupi uwezo wa kugusa kitu. Akikataa hata baada ya kuelezwa vizuri, mara nyingi sababu ni mojawapo kati ya mbili: namba ni za kununua, au akaunti si yake. Zote unahitaji kuzijua mapema.

Ukishaingia, achana na ile namba kubwa ya juu. Fungua sehemu inayoonyesha watazamaji wametoka wapi. Kijana wa Temeke ana video ya watazamaji 400,000, lakini ukiangalia ndani, 310,000 wameletwa na matangazo ya kulipia. Waliobaki ni 90,000. Binti wa Mbeya ana 120,000 bila tangazo hata moja, na wengi wamefika kwa kuandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Mtu aliyeandika jina kwa kidole chake amemfuata yeye. Aliyeletewa tangazo alikuwa anasubiri video nyingine ianze. Kwa hiyo kwenye daftari lako binti anaongoza kwa 30,000, ingawa mtaani kila mtu anasema wa Temeke ndiye amevuma.

Kisha fungua mchoro unaoonyesha watu wanatazama mpaka wapi. Hapa kaa, usiharakishe. Weka video upande mmoja na mchoro upande mwingine, uvifuate sekunde kwa sekunde. Mstari ukiporomoka pale kiitikio kinapoisha na yeye anapoanza kuchana, watu wanapenda kiitikio, na pengine wanampenda aliyekiimba. Ukishuka taratibu na nusu ya watu wakawepo bado kwenye beti ya pili, una rapa anayesikilizwa. Kuna kitu cha tatu, adimu na kizuri kuliko vyote: mstari unaoinuka katikati ya wimbo. Maana yake watu wanarudisha nyuma kipande hicho wakisikie tena. Sikiliza wamerudia nini. Inaweza kuwa mistari minne tu, tusi la utani kwa mwenye nyumba au sentensi moja kuhusu mama yake, na hicho ndicho anachotakiwa kukitengeneza zaidi.

Spotify huhesabu wasikilizaji wa mwezi kwa siku 28. Chukua idadi ya mara zilizosikilizwa nyimbo, igawe kwa idadi ya wasikilizaji. Kijana wa Temeke ana wasikilizaji 20,000 na nyimbo zimesikilizwa mara 24,000, yaani kila mtu mara moja na ushee. Orodha ya nyimbo ya mtu mwingine imewapitisha mbele yake, wakaendelea na safari. Kijana wa Arusha ana wasikilizaji 3,000 tu, lakini nyimbo zake zimesikilizwa mara 21,000. Kila mtu amerudi mara saba. Hao ndio wanaokuja kwenye shoo.

Usitegemee mapato makubwa hapa kwa sasa. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. Chaneli ya YouTube nayo haipati mgao wa matangazo mpaka ifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, au watazamaji milioni 10 wa video fupi ndani ya siku 90. Muulize kila mmoja yuko wapi kwenye safari hiyo.

Angalia pia ramani. Ukikuta wimbo wa Kiswahili umepata maelfu ya watazamaji kwa siku moja kutoka nchi asikokuwa na ndugu, shabiki wala Mswahili yeyote anayejulikana, kisha siku ya pili kimya, hao wamenunuliwa. Wakitoka Oman, Uingereza au Marekani na kuendelea kurudi wiki baada ya wiki, ni watu wetu walio ugenini. Hao wana thamani, kwa sababu mtazamaji wa huko kwa kawaida huingiza hela zaidi ya matangazo kuliko wa hapa.

Jambo moja wachambuzi wa mjini hulisahau: wasikilizaji wengi wa rap hawamo kwenye namba hizi kabisa. Ngoma inatumwa WhatsApp, inaingizwa kwenye memori kadi na mtu wa kibanda cha simu, inapigwa kwenye bajaji miezi sita. Kwa hiyo zunguka. Nenda kwa hao vijana wa vibanda kwenye mji wa kila rapa, waulize watu wanaomba nyimbo gani za kuwekewa. Dakika kumi pale zinakupa kitu ambacho hakuna programu itakuonyesha.

Mwisho wa hatua hii, linganisha nyimbo zenye umri sawa. Wimbo wa wiki mbili haushindanishwi na wa mwaka. Mimi huchukua siku ya 90 ya kila wimbo: kiki imeisha, posti za marafiki zimeisha, waliobaki ni wenyewe.

Hatua ya 3: Mtoe mgeni kwenye hesabu

Panga nyimbo za kila mmoja mafungu mawili: alizoshirikisha mtu mkubwa na alizofanya peke yake. Pima fungu la pili. Kolabo nzuri ni halali na inaweza kumfungulia mtu dunia. "Utawezana" ya Wakenya Femi One na Mejja mwaka 2020 iliwafikisha watu wengi kwa Femi One, lakini alikuwa tayari na nyimbo zake za kuwapokelea. Chipukizi ambaye wimbo wake na staa una watu laki tano na unaofuata, wa peke yake, una elfu nne, hajapata mashabiki wa kwake bado.

Hatua ya 4: Nenda ukamwone akiwa jukwaani, mara mbili

Mara ya kwanza nyumbani kwake, mara ya pili mji ambao hana ndugu wala mshikaji. Nyumbani kila mtu ni mkali.

Usikae mbele, mbele ni marafiki. Simama karibu na mlango au kaunta, ambako wapo waliokuja kwa mambo yao. Akipanda, angalia migongo: wanageuka kumtazama, au ndiyo wanapata nafasi ya kwenda kununua kinywaji? Sikiliza kama anachana kweli au anapiga kelele juu ya sauti yake iliyorekodiwa. Anapokata sauti ili watu wamalizie mstari, usishangilie kiitikio, kila mtu anajua kiitikio. Subiri beti ya pili. Ukiona mezani kwa mbali watu wanne wanaomaliza vina vya beti ya pili kwa midomo bila kufahamu kama wanatazamwa, andika.

Mitambo ya kumbi zetu hufa mara kwa mara, na hapo ndipo unamjua mtu. Yuko anayesimama kumtukana fundi mitambo. Yuko anayeshuka chini na kuchana bila biti mpaka umeme urudi. Promota akishaona wa pili, mwezi ujao anampigia tena.

Baada ya hapo fanya jaribio lako. Tafuta ukumbi mdogo, weka kiingilio cha 3,000, jina lake peke yake kwenye tangazo, na usigawe tiketi za bure. Watu 70 waliolipa ni taarifa nzito kuliko umati wa 2,000 kwenye kampeni ya kampuni ambako wengi walifuata fulana na soda.

Hatua ya 5: Soma karatasi zote

Hapa ndipo vijana wengi huumizwa, na hapa ndipo wewe utaumia baadaye usipouliza. Anza na biti. Imetengenezwa na nani, na kuna maandishi ya makubaliano? Biti nyingi za mtandaoni hukodishwa kwa masharti: wimbo ukifika idadi fulani ya wasikilizaji inabidi ulipie upya, au mwenye biti ameshaikodisha kwa wengine thelathini. Wimbo wa namna hiyo unaweza kufutwa siku umeanza kuvuma.

Kisha uliza akaunti ya usambazaji, ile inayopeleka nyimbo Spotify na kwingineko na kupokea hela yake, iko kwenye barua pepe ya nani. Si mara moja unakuta nyimbo zote zipo kwenye akaunti ya rafiki aliyezipandisha miaka mitatu iliyopita, na hela imekuwa ikiingia huko. Uliza kama amewahi kusaini na lebo, studio au meneja, hata kama anasema "ile iliisha". Kuisha kwa maneno si kuisha. Kijana wa Arusha, yule anayesikilizwa mara saba, alisaini akiwa na miaka 19 karatasi inayosema studio inamiliki kila atakachorekodi kwa miaka mitano. Imebaki miwili na nusu.

Hakikisha nyimbo zimesajiliwa Cosota, ambayo ndiyo Ofisi ya Hakimiliki, na kwamba yeye mwenyewe ana usajili wa Basata, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, maana bila huo hata kibali cha shoo kinaleta shida. Usiyaone haya kama makaratasi ya wakubwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe marapa AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Waliweza kudai kwa sababu waliweza kuonyesha kwamba nyimbo ni zao.

Hatua ya 6: Sikiliza mashairi kwa sikio la mtu wa redio na la mtu wa masoko

Tusi linaweza kuuza mtaani na kufunga milango mingine yote. Gengetone, rap ya vijana wa mtaani Nairobi, ilipasuka na "Lamba Lolo" ya kundi la Ethic mwaka 2018, mwaka uliofuata kundi la Sailors likaja na "Wamlambez". Umaarufu ulikuwa mkubwa sana, ila kampuni nyingi ziliogopa kuweka nembo zao pembeni ya maneno yale. Kulikuwa na suala lingine pia: Ethic walikuwa wanne. Malipo ya shoo moja yanakatwa mafungu manne kabla ya nauli. Ukipima kundi dhidi ya mtu mmoja, gawanya kwanza.

Siasa ni hesabu tofauti. Rapa Nay wa Mitego wa Tanzania alikamatwa Machi 2017 kwa sababu ya "Wapo", wimbo ukafungiwa, kisha akaachiwa na wimbo ukaruhusiwa. Watu walimpenda zaidi baada ya hapo. Sishauri mtu amnyamazishe msanii wake. Rap isiyosema kitu haina sababu ya kuwepo. Ninachosema ni kwamba ukimchagua mwenye ulimi huo, weka hela yako kwenye kiingilio na mauzo ya moja kwa moja kwa mashabiki, usisubiri kampuni ya vinywaji ikupigie.

Kwa binti, tahadhari na kitu kimoja: watu watakwambia rap ya kike haiuzi. Waandaaji wa matamasha na kampuni huwatafuta marapa wa kike kwa sababu ni wachache, na rapa Rosa Ree alionyesha Tanzania kwamba nafasi ipo. Mpime kwa namba zake kama wengine.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya kurudisha hela

Sasa weka watatu kwenye ukurasa mmoja. Tumia kinachobaki baada ya nauli, chakula na malazi, si bei anayoitaja.

Wa Temeke anadai 1,000,000 kwa shoo, anaipata mara moja kila miezi miwili, na anatembea na watu sita. Kinabaki kama 600,000. Kwa mwaka ni 3,600,000.

Wa Arusha analipwa 300,000, mara mbili kwa mwezi, karibu na nyumbani. Kinabaki 280,000. Kwa mwaka ni 6,720,000. Huyu ndiye anayeingiza zaidi leo, ingawa jina lake ni dogo kuliko yote.

Binti wa Mbeya analipwa 400,000 mara moja kwa mwezi, kinabaki 300,000. Kwa mwaka ni 3,600,000, sawa na wa Temeke. Tofauti ni kwamba mwaka jana alikuwa analipwa 150,000, na wa Temeke bei yake haijasogea kwa miaka miwili.

Ukichukua asilimia 20 ya meneja kwa binti, unapata 60,000 kwa shoo. Ili milioni sita zirudi zinahitajika shoo 100. Hesabu hiyo inakatisha tamaa, na ndiyo maana watu wengi hawaipigi. Njia ya kweli ni kupunguza unachotoa na kukubaliana namna ya kurudisha. Toa milioni mbili badala ya sita, na mkubaliane kwa maandishi kwamba nusu ya kinachobaki kwenye kila shoo inarudisha gharama mpaka ziishe, ndipo asilimia 20 ianze. Ni 150,000 kwa shoo, hivyo shoo 14. Kwa kasi yake ya sasa ni mwaka na miezi miwili. Bei ikiendelea kupanda, ni mapema zaidi.

Mimi ningemchukua binti. Wa Arusha ana mashabiki bora, lakini kila wimbo utakaougharamia sasa utakuwa mali ya studio ile. Kama studio iko tayari kukaa mezani na kumwachia, rudi ufanye hesabu upya, kwa sababu hapo yeye ndiye wa kwanza. Wa Temeke anahitaji kwanza kuacha kununua matangazo na kutafuta watu 200 wanaomjua kwa jina.

Hatua ya 8: Anza na nyimbo mbili

Usisaini miaka mitano na mtu uliyemjua mwezi uliopita, na usimsainishe yeye pia. Nyimbo mbili, miezi sita. Karatasi iseme kwa Kiswahili chepesi nani anamiliki sauti iliyorekodiwa, gharama zipi zinarudishwa na zipi hazirudishwi, nani anashika neno la siri la akaunti, na kila mmoja anatokaje mkishindwana. Mwachie aende nayo nyumbani wiki nzima, amwonyeshe mtu mzima anayemwamini, na kama anaweza, mwanasheria. Ukiona kipengele ambacho ungeogopa mdogo wako akisaini, kifute.

Wimbo wa kwanza usiuwekee tangazo la kulipia kwa siku 30. Siku ya 90 fungua tena ile michoro ya hatua ya 2 mkiwa wawili, yeye na wewe, mkiangalia skrini moja. Kama wanaorudi wameongezeka, toa wimbo wa pili na umpeleke mji mmoja mpya, Iringa au Songea kwa mfano, ambako nauli kutoka Mbeya haiumizi.

Na wale wawili ambao hukuwachagua, wapigie simu mwenyewe. Wametumia muda kukufungulia akaunti zao, na pengine hakuna aliyewahi kuwasomea namba zile. Mwambie wa Temeke kwamba watu 310,000 walikuwa tangazo. Mwambie wa Arusha kuhusu mara saba, kisha umsaidie kuandika barua ya kuomba nakala ya mkataba wake, maana hata nakala hawakumpa.